Chupa ya Nne Hatukuijaribu

Ijumaa ya kwanza baada ya Pasaka, katika mwaka wa nne wa vita vya Hitla, tulipoteza pipa zima la mafuta ya nyonyo katika kiwanda kidogo cha sabuni pale Ngarenaro, na kwa sababu ya pipa hilo tukampoteza Loishiye. Naanza hapo kwa makusudi. Ninyi vijana mnaopita kunijulia hali mmezoea kuniuliza habari za kazi ile kana kwamba ilikuwa mapishi ya sikukuu. "Shikamoo babu. Eti ipi nzuri, soda kali au magadi?" Nzuri kwa kazi gani? Ndani ya nini? Nimeulizwa hivyo na wenye vyeti na wasio na vyeti, na kila mara natamani kumpiga mtu fimbo, ila fimbo yenyewe naihitaji kusimamia.

Sikusoma sana. Nilifika darasa la nne kwa wamisheni huko kwetu Meru mlimani, kisha nikashuka mjini kutafuta kazi. Kemia ya vitabuni siijui, na kijana akinitajia majina marefu huwa namwambia wazi kwamba siyaelewi. Ninachokijua nilikijua kwa mikono, kwa pua, na mara nyingine kwa ulimi.

Kwa ulimi, ndiyo. Fundi mkuu wetu, Mzee Anaeli, Mmeru wa Poli, alikuwa akichukua chembe ya sabuni mpya na kuigusa kwa ncha ya ulimi. Ikichoma, soda bado imo na haijala mafuta yote. Isipochoma, imeiva. Alinifundisha mimi, nami nikamwonyesha Loishiye alipokuja baadaye. Loishiye alikuwa Mwarusha wa Kisongo, mrefu, mcheshi, amekulia nyuma ya ng'ombe. Nilimwambia aonje. Akalamba kipande kizima kuanzia juu hadi chini.

"Mungu wangu! Huyu anafikiri ni jiwe la magadi!" akasema Mzee Anaeli.

"Ng'ombe wetu hulamba hivyo," akajibu Loishiye, machozi yanamtoka.

"Ng'ombe wenu wana akili. Wao hulamba magadi. Wewe umelamba soda kali."

Hapo ndipo palipo jibu la swali lenu, kama mngekuwa na subira. Magadi yanayotoka huko chini ziwani na soda kali iliyokuja kwa meli katika madebe ni ndugu, lakini hawafanyi kazi moja. Ukipikia magadi mafuta mabichi mazuri, utachochea kuni hadi jioni na mafuta yatakuangalia tu. Magadi hula ule uchachu wa mafuta yaliyokaa vibaya, basi. Mafuta yenyewe hayayavunji, au huyavunja kidogo kiasi cha kukuudhi. Soda kali huyavunja. Na majivu ya maganda ya ndizi, ambayo mama zetu walichujia maji ya kufulia, hutoa sabuni laini kama uji ambayo huwezi kuikata kipande. Mafuta ni yale yale. Unachotia ndicho kinachoamua yatakwenda njia ipi, na unachotilia ndani yake kinaamua vile vile. Hilo la pili vijana hawalitaki kabisa. Wanadhani maji ni maji tu, hayana neno.

Maji yana neno.

Sasa nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Katika kiwanda kile sufuria haikuwekwa motoni kavu. Ilikuwa sufuria kubwa ya chuma, mtu mzima angeweza kukaa ndani yake akakunja miguu. Mafuta yakiingia katika sufuria kavu yenye moto chini yake, huungua pembeni, na sabuni hutoka ya kahawia, inanuka moshi, hakuna anayeinunua. Kwa hiyo kila alfajiri kazi ya kwanza ilikuwa kuiosha sufuria na kuacha maji kidogo chini. Mzee Anaeli aliyaita maji ya kuamsha sufuria. Aliyesahau alipigwa kofi la mgongo. Mimi nilipigwa. Loishiye alipigwa mara moja tu, kwa sababu alikuwa mtu wa kushika anachoambiwa. Ukimfundisha kitu, hakikumtoka tena.

Mwenye kiwanda alikuwa Bwana Harilal, mtu mfupi wa maneno machache, aliyekuwa akivaa kofia nyeusi hata kwenye joto la majiko. Vita vilipokaza, soda kali ikawa haba. Debe lililokuja kila mwezi likawa linakuja linapotaka. Sabuni ikapungua, na hapo ndipo hatari ilipoingia, kwa sababu wakati ule serikali ilikuwa inachukua watu kwa nguvu kwenda kukata mkonge huko Tanga. Aliyekuwa na kazi inayohitajiwa na jeshi, kama sabuni, aliachwa. Asiyekuwa nayo alichukuliwa.

Bwana Harilal alituita watatu akatuambia waziwazi. "Sabuni hii ndogo ni kazi ya watu wawili. Ofisa akija nitasema nahitaji wawili, atakubali. Wa tatu nitasema anafanya nini?"

Hakuna aliyeuliza wa tatu ni nani. Loishiye ndiye aliyekuwa mgeni kuliko sisi. Mkewe, Naserian, alikuwa na mimba ya kwanza huko Kisongo.

"Basi tufanye nini, bwana?" akauliza Mzee Anaeli.

Bwana Harilal alikuwa na jambo moyoni. Fundi mmoja wa mitambo aliyepita Arusha akitokea Kongo alimsimulia kwamba kule mafuta ya kula yanapikwa kwa spiriti badala ya maji, yanakuwa mepesi, na lori la dizeli linatembea nayo. Dizeli nayo ilikuwa haba wakati ule. Kama tungeweza kutengeneza mafuta ya injini kwa nyonyo, Bwana Harilal angeweza kusimama mbele ya ofisa na kusema: huyu wa tatu ananitengenezea mafuta ya mashine, siwezi kumwachilia. Na uzuri wake, kazi hiyo ilitaka soda kidogo tu.

Mzee Anaeli hakupenda. "Mafuta na soda vikikutana mtoto wao ni sabuni," alisema. "Tangu nizaliwe sijaona wakizaa kitu kingine." Alisema hivyo asubuhi, akasema mchana, akasema tukila. Ilifika mahali nikataka kumziba mdomo kwa kipande cha ndizi.

Bwana Harilal akamnyamazisha kwa chupa. Alipanga chupa tatu barazani kwake, zote zina nyonyo kutoka debe moja. Ya kwanza alitia soda iliyoyeyushwa kwenye maji. Akatikisa, akaiweka penye joto, ikawa nzito na nyeupe: mwanzo wa sabuni, kila mtu aliijua. Ya pili alitia magadi ya unga pamoja na spiriti. Akatikisa hadi mkono ukachoka. Hakuna kitu. Mafuta yalibaki mafuta. Ya tatu alitia soda kidogo sana, iliyoyeyushwa kwenye spiriti aliyoichuja juu ya chokaa iliyochomwa ambayo bado haijatiwa maji, maana chokaa hiyo hunywa maji yaliyojificha ndani ya spiriti. Akatikisa, akaiacha. Tuliporudi baada ya kula tukakuta ndani ya chupa kuna vitu viwili: juu mafuta mepesi, yanacheza ukiinamisha chupa kama maji, na chini kitu kizito, kitamu kidogo ukionja, kama asali iliyotiwa maji.

"Mzee," akasema Loishiye taratibu, "mtoto wa pili huyu hapa."

Mzee Anaeli aliishika chupa, akaigeuza, akaweka tone kidoleni, akasugua. 

Baadaye alinieleza mimi jinsi alivyoelewa, na mpaka leo sijapata maelezo mazuri zaidi, ingawa walimu wenu wanasema kichocheo na kiyeyushi. Alisema soda ile kidogo ni mshenga. Anayatoa mafuta kwenye nyumba yao ya zamani, anayaozesha kwa spiriti, kisha yeye mwenyewe anachukua kofia yake anakwenda kuozesha wengine. Ndiyo maana inatosha kidogo. Lakini ukitia maji, mshenga anapotoka. Anaoa yeye mwenyewe. Akishaoa, ndoa yake hiyo ni sabuni, na hakuna tena wa kuozesha waliobaki.

Aliyasema hayo baadaye. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Aliyasema vizuri mno, baadaye.

Maana zilikuwa chupa tatu. Chupa ya nne, ya spiriti na soda na maji kidogo tu ya bahati mbaya, hatukuijaribu. Tuliijaribu kwenye sufuria kubwa, kwa pipa zima.

Alhamisi jioni Bwana Harilal alisema, nikiwa nasikia: "Kesho sufuria iwe safi na kavu." Alisema vyote viwili. Mzee Anaeli alikwenda kumwagiza Loishiye, akamwambia: "Kesho sufuria iwe safi kabisa, kazi ni kubwa." Nilisikia na hilo. Ukavu haukuwa jambo la kuagizana katika kazi yetu. Miaka yote "kavu" lilikuwa neno la kosa: sufuria kavu ni uvivu wa mtu. Kwa hiyo mzee alibeba nusu ya agizo bila kujua kwamba ameacha nusu nyingine, na mimi niliposikia hiyo nusu sikuona kwamba kuna kilichopungua. Mimi mwenyewe kazi yangu ilikuwa kuchuja spiriti juu ya chokaa, na niliifanya vizuri. Nilijivuna nayo. Ilikuwa kavu, spiriti ile!

Ijumaa tulipasha mafuta moto kwenye madebe nje, ili maji yaliyomo yatoke. Yalipoacha kutoa povu tukayaacha yapoe hadi kidole kinastahimili, kwa sababu spiriti haikai karibu na moto isipokuwa umechoka kuishi. Kisha tukayamimina ndani ya sufuria, debe baada ya debe. Hakuna aliyechungulia chini. Mafuta ya nyonyo ni mazito na ya manjano, na maji hukaa chini yake, huyaoni. Nikamimina spiriti yenye soda. Loishiye akashika mwiko.

Alikoroga kwa furaha, anaimba wimbo wao wa kuswaga ng'ombe. Baadaye wimbo ukakatika.

"Mzee, yanaganda kama maziwa ya mgando."

"Koroga," akasema Mzee Anaeli.

"Nakoroga."

"Koroga kwa nguvu, wewe si mgonjwa."

"Mzee, njoo uone. Mwiko unasimama wenyewe."

Ulikuwa umesimama kweli. Bwana Harilal alikuja, akautazama, akachovya kidole, akakiangalia kidole. Ilikuwa rojorojo, nusu sabuni, nusu haijulikani ni nini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Maji yametoka wapi?" aliuliza.

Mimi niliangalia spiriti yangu. Mzee Anaeli aliangalia madebe. Loishiye ndiye aliyejibu, maana hakujua kwamba lilikuwa swali baya.

"Labda ni yale ya kuamsha sufuria, bwana. Nilitia mengi kidogo, kwa sababu mzee alisema kazi ni kubwa."

Bwana Harilal aliketi juu ya debe tupu. Mzee Anaeli alivua kofia yake, akaivaa tena. Alifungua mdomo, nikajua anataka kumfokea Loishiye, na nikajua pia hawezi, kwa sababu yeye ndiye aliyempiga kofi lile la mgongo. Mimi nilitaka kuwafokea wote. Nilitaka kuifokea sufuria.

"Tia soda yote iliyobaki," Bwana Harilal akasema mwishowe. "Iwe sabuni yote. Tusipoteze vyote."

Tukatia. Kwa hiyo hatukuwa na mafuta ya injini, wala soda ya kujaribia tena.

Sabuni iliyotoka haikufanana na yoyote tuliyowahi kupika. Nyonyo ikipikwa penye spiriti, na kile kitu kitamu kikabaki ndani yake, sabuni haiwi nyeupe. Inapitisha mwanga. Siku tuliyoikata, Loishiye alichukua kipande, akasimama mlangoni, akakiweka machoni na kuutazama Meru.

"Mlima umekuwa wa asali," alisema. "Mzee, tazama, hata theluji yenu imekuwa asali."

"Hakuna theluji leo, ni wingu. Weka chini, hiyo si miwani."

Lakini naye Mzee Anaeli alichukua kipande, akatazama. Mimi nilikataa. Nilikuwa na hasira.

Mtu aliyetumwa na jumbe, mkuu wa eneo letu, alikuja pamoja na karani wa kuandikisha watu wa mkonge. Walikuja kwa utaratibu tu, bila ubaya, kama watu wanaokuja kuhesabu kuku. Bwana Harilal alisimama akasema anahitaji watu wawili. Alijaribu kusema watatu. Nilimsikia akianza. Karani akauliza wa tatu anafanya kazi gani, na Bwana Harilal akaiangalia sufuria.

"Niandike mimi," akasema Mzee Anaeli.

Karani alicheka. "Baba, mkonge unataka mgongo. Wewe una ndevu tu."

"Huyu mkewe ana mimba."

"Wote wake zao wana mimba, baba. Nikiwasikiliza hao sitapata hata mtu mmoja."

Loishiye hakubishana. Alikunja shuka yake ya akiba, akatia ndani kisu, kibuyu kidogo na kile kipande cha sabuni kinachopitisha mwanga, ambacho Bwana Harilal alimwambia akichukue. Akatuaga, mzee kwanza. Kisha akaniambia mimi: "Mmeru, usije ukaniharibia mwiko wangu."

Soda ilifika baada ya mvua kubwa. Bwana Harilal akapata pipa jingine la nyonyo, sijui kwa njia gani. Safari hii sufuria tuliiosha, tukaiinamisha, tukawasha moto wa maganda ya kahawa ndani yake, tukafuta majivu kwa magunia makavu, tukaiacha juani hadi chuma kikaunguza mkono, kisha tukaifunika ipoe. Mzee Anaeli alichungulia chini kwa kichwa chake chote. Hakuniruhusu hata niteme mate karibu. Kazi ikaenda kama chupa ya tatu ilivyokwenda. Asubuhi yake mafuta mepesi yalikuwa juu, mazito chini. Tuliyaosha kwa maji, maana sasa mshenga alishamaliza kazi yake, tukayapasha, tukayachuja kwa kitambaa. Tukayatia kwenye injini ya pampu ya maji ya Bwana Harilal; ilikohoa, ikakataa, ikakohoa, ikashika. Moshi wake ulinukia maandazi. Watoto wa Ngarenaro walikuja mbio wakidhani kuna mtu anakaanga.

Ilikuwa kazi nzuri. Hakuna aliyeifurahia. Mzee Anaeli alisimama akisikiliza injini, akasema, "Kumbe ni kavu tu," akaenda kukaa nyuma ya kuni.

Bwana Harilal alichukua chupa ya mafuta yale, akaenda kwa ofisa mwenyewe kuomba arudishiwe mtu wake wa tatu. Aliambiwa asubiri mkataba uishe. Tukasubiri. Ule mwiko niliuosha na kuutundika, na mtu mwingine hakuutumia.

Kwa hiyo, ninyi mnaouliza ipi nzuri, nisikilizeni. Mkipewa agizo lenye maneno mawili, pelekeni yote mawili. Kabla ya kutia pipa, tieni chupa. Na tieni kwenye chupa hata lile mnaloona aibu kulifikiria, yaani kosa lenu wenyewe la kila siku, mlione linafanya nini. Na msiulize kama kitu ni kizuri kabla ya kusema kitafanya kazi ndani ya nini. Nimesema hayo mara nyingi katika miaka yangu yote ya kazi, na vijana huitikia "ndiyo babu", halafu wanakwenda kutia maji.

Loishiye hakumaliza mkataba. Homa ilimchukua huko huko mkongeni. Mtu wa kwao aliyerudi alileta shuka yake ikiwa imefungwa kama alivyoifunga, na Naserian akaja nayo kiwandani, mtoto mgongoni. Alitusalimu, akamfungulia Mzee Anaeli lile furushi. Kisu kilikuwamo, kibuyu kilikuwamo. Sabuni ilikuwamo nzima, pembe zake hazijalika.

"Baba, hiki ni nini?" aliuliza. "Nilidhani ni utomvu wa mti."

"Ni sabuni, mama. Aliipika mwenyewe."

Naserian aliigeuza mkononi. Akasema mtoto ana vumbi la njiani. Mzee Anaeli alikwenda kuchota maji kwenye kijito, akarudi na karai, akaliweka juani, pale uani petu penye joto. Naserian akamvua mtoto, akamkalisha ndani ya maji, akaanza kumsugua mgongo. Povu la nyonyo huchelewa. Alisugua, akatutazama, akasugua tena, kisha likaja.